Sababu Tatu za Cinquante-deux

Kwetu Bukavu mtu hafaulu hivi hivi tu. Anafaulu na pourcentage yake, yaani asilimia. Matokeo ya examen d'État, ule mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, yakishatoka, hakuna anayekuuliza umejua nini. Wanakuuliza: "Ngapi?" Na hiyo ngapi utaishi nayo. Avenue yetu ina mzee mwenye wajukuu na meno ya kuhesabu, mpaka leo anaitwa Soixante-dix-huit, Sabini na Nane, na ukimwita hivyo anaitika haraka kuliko ukimwita kwa jina la ubatizo.

Mimi nilipata cinquante-deux. Hamsini na mbili kwa mia. Ni kufaulu, jamani, msinitolee macho! Siku ujumbe ulipoingia kwenye simu, maman alinimwagia poudre ya watoto kichwani kama desturi inavyotaka, majirani wakatoka wakipiga sufuria, nikatembezwa avenue nzima nikiwa mweupe kama muhogo uliomenywa. Mambo yalikwenda vizuri mpaka jirani mmoja alipouliza ngapi.

"Amepita!" maman akajibu. "Tumushukuru Mungu!"

"Ndiyo, maman, lakini ngapi?"

Maman akaanzisha wimbo mwingine.

Papa hakuimba. Alikuwa mhasibu wa ofisi moja ya misaada, mtu wa suti na kalamu mfukoni, na tangu niko primaire, shule ya msingi, alikuwa akiniita Docteur mbele ya wageni. Mimi nami niliitaka ile médecine, kusomea udaktari, sitajifanya. Niliitaka mpaka nikawa najizoeza kuandika vibaya. Ila vyuo vya binafsi vilikuwa juu ya mshahara wa papa, kikabaki chuo kikuu cha serikali peke yake, na médecine ya serikali inachagua watu. Mwenye soixante, sitini, kwenda juu anaingia bila maneno. Wa chini ya hapo analeta dossier, faili ya kueleza sababu ya pourcentage yake, kisha anapita mbele ya jury ya maprofesa.

Sababu! Hapo ndipo familia yangu ilipopata kazi.

Papa alikwenda kwa rafiki yake muuguzi, akarudi na karatasi yenye muhuri: siku za examen nilikuwa na malaria kali, nikawekewa sérum, dripu ya mkononi.

"Papa, sikukuwa mugonjwa."

"We unajua nini? Malaria inaweza kaa mu damu bila kusema." Akaitia karatasi kwenye bahasha ya dossier, akaifunga. "Usiambie mutu."

Sikumwambia mtu. Bahasha ikalala kabatini kwa maman, na kesho yake tonton, mdogo wake papa, akaja kuichukua aipeleke mwenyewe, kwa sababu tonton ana mutu. Tonton ana mutu katika kila ofisi ya mji huu, ingawa hatujawahi kumwona hata mmoja.

Siku ya jury nilisindikizwa na ukoo kama bibi arusi. Hata koko, mama yake papa, aliteremka kutoka Bunyakiri na kuku wa kuwapa maprofesa nikipita. Wote wakaketi barazani chini ya dirisha, maman na rozari yake, koko na kuku wake, mimi nikaingia.

Ndani walikuwa watatu. Président wa jury, baba mnene aliyepandisha miwani kwenye paji la uso, alifungua bahasha yangu, akasoma, akaguna, kisha akainamisha kichwa kwa heshima.

"Mademoiselle, kwanza pole sana ya koko."

"Koko gani, professeur?"

"Ule ulienda kuzika Bunyakiri mu examen. Attestation de décès, karatasi ya kifo, iko hapa."

Kuku akalia kule nje.

"Na pole ya malaria. Na pole ya nyumba." Alikuwa amegeuza karatasi nyingine, yenye muhuri wa chef d'avenue, mkuu wa mtaa wetu. "Hapa banasema éboulement, udongo wa mulima, ilibeba nyumba yenu na vitabu vyote, juu ya mvua kubwa." Akashusha miwani. "Mvua kubwa. Mu kiangazi."

Yezu Maria! Niliitambua mikono yote papo hapo. Koko aliuawa na tonton. Nyumba iliangushwa na maman, tena yeye anayeifagia kila asubuhi. Kila mmoja alikuwa amefungua bahasha kwa siri, akatia upendo wake, akaifunga tena kwa gundi.

"Kwa hiyo mu ile examen," akasema profesa wa pili, mama mmoja mwenye kitenge kizuri, "ulikuwa hopitali na sérum mu mukono, ukazika Bunyakiri, nyumba ikaanguka, na ukapita! Hii haiko dossier. Hii ni muujiza, tuitume Roma."

Wakacheka wote. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze.

Président akawa mpole. "Sikia, mutoto. Hapa kila mutu anakuyaka na malaria yake, hatukataake. Sababu moja tumezoea. Tatu njo mingi. Chagua moja, zile zingine tunatupa, unaingia médecine."

"Chagua malaria," yule mama akaninong'oneza. "Malaria haina adui."

Neno moja tu lilinitenga na médecine, na tayari nilikuwa nalo mdomoni. Lakini hasira ikanipanda. Chimie, hiyo kemia, ilikuwa ikinikimbia tangu zamani, nami niliikimbiza mpaka nikaishika mguu. Ile cinquante-deux niliitolea jasho. Nikisema malaria, yangu itabaki ipi? Nyumbani hakuna hata mmoja aliyekubali kwamba niliifanya mimi mwenyewe. Walinipenda mpaka wakaona heri niwe mgonjwa, na hilo liliniuma kuliko sindano.

"Nilikuwa muzima," nikasema.

"Muzima namna gani?"

"Muzima kabisa, professeur. Nililala, nilikula maharage, hakuna mutu alikufa. Nyumba iko. Koko njo ule ku dirisha."

"Sasa juu ya nini cinquante-deux?"

"Njo ile tu nilijua."

Président alitafuta kwenye karatasi yake mahali pa kuandika jambo kama hilo, hakupaona. Wenye malaria alikuwa akiwahurumia. Mimi nadhani aliniogopa kidogo. Mwishowe akafunga dossier.

"Médecine, hapana. Agronomie banachukua cinquante na habaulizake kitu. Mulango wa pili."

Nilipotoka nje niliwakuta wamesimama. Lile dirisha halikuwaficha neno.

"We uliua maman yangu?" papa alikuwa akimwuliza tonton.

"Mu karatasi tu, yaya!" tonton akamjibu kaka yake.

"Nilikufa na nini?" koko akauliza.

"Tension, maman. Presha."

"Tension! Mimi!" Koko akamkumbatia kuku wake vizuri. "Na huyu sasa anaenda kusoma kulima? Kulima angeniuliza mimi, bila pourcentage."

Maman alikuwa akilia waziwazi. "Batu tutabaambia nini?" alisema. "Ah, Mungu wangu, tutabaambia nini?"

Niliandikishwa agronomie mchana uleule, tukaanza kupanda kwenda nyumbani. Wengine walitangulia wakigombana nani ameharibu. Papa alibaki nyuma pamoja nami, suti imejaa vumbi. Nilingoja anitukane, na majibu nilikuwa nayo.

"Ile siku," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Ile siku ya chimie. Kweli hakuna kitu ilikuuma?"

"Hakuna, papa."

"Ata kidogo?"

Nikamtazama. Alikuwa amesimama katikati ya njia, watu wanampita huku na huku, ananingoja kama mtu anayengoja majibu ya daktari. Maprofesa watatu nilikuwa nimewakatalia asubuhi ile, na sikutetemeka.

"Kichwa," nikasema. "Kichwa kidogo."

Papa akashusha pumzi, akanishika bega.

"Nilijua," akasema.