Mistari Iliyonikuta Getini

Nikiukumbuka mwaka ule tulioleta rapu darasani, kwanza nasikia mvua. Ilikuwa Alhamisi mchana, katika shule ya sekondari ya Nyakabiga nilikokuwa nikifundisha elimu ya uraia, na mabati ya darasa yalikuwa yanapigwa na maji hata sauti yangu ikamezwa. Ubaoni nilikuwa nimeandika swali: haki ya jamii ni nini? Kama kuna aliyejibu, sikumsikia. Nikaweka chaki, nikakaa.

Upande wa dirishani msichana mmoja akaanza kugonga dawati kwa vidole, akiifuata mvua. Jirani yake akaongeza kiganja. Baada ya muda darasa zima lilikuwa linagonga, taratibu, kama watu waliosinzia pamoja wakaota ndoto moja.

Muziki ule niliujua. Nilipokuwa msichana, kaka yangu alikuwa na kaseti za rapu, na katika kaseti hizo ndimo nilimosikia kwa mara ya kwanza mtu asiye na kitu akikitaja kinachomuumiza bila kuomba ruhusa. Kwa hiyo mvua ilipopungua nilifuta swali ubaoni, nikawaambia:

"Niandikieni mistari minane ya rapu juu ya jambo moja mnaloliona si haki. Lisiwe la kwenye redio. Liwe la kwenu."

"Kwa Kirundi ao kwa Swahili, madamu?" mmoja akauliza.

"Kwa lugha unayoota nayo."

Basi Alhamisi zetu zikawa hivyo. Joto la mchana lilituelea vichwani, vumbi la chaki likisimama kwenye mwanga, na kwa mbali, juu ya mapaa, milima ya Kongo ikionekana na kupotea katika ukungu wa ziwa. Mmoja alisimama akasema mistari yake, wengine wakampigia dawati, kisha tukazungumza: nani anaumia hapa, nani ananufaika, nini kingeweza kubadilika. Sikuhitaji tena kuandika ufafanuzi wowote ubaoni.

Yule msichana wa dirishani ndiye aliyekawia kusoma. Alikuwa na miaka kumi na saba, mkimya, wazazi wake wametoka Uvira, upande wa Kongo, wakapanga nyumba Mutakura, mtaa wa mbali ambako maji huchotwa kwa madumu kwenye bomba la wote. Alhamisi ya nne alisimama bila kuitwa. Hakushika karatasi. Alifumba macho, akasema kwa sauti ya chini:

*Saa kumi na moja mi niko pa robine,*
*bidon mbili mu mikono, kitabu mu kichwa.*
*Maji inakuja pole pole kama mugonjwa,*
*jua inanikuta mu njia ya Nyakabiga.*
*Geti inafungwa. Na mwenye kuifunga*
*ndiye ananifundisha neno haki.*
*Madamu, haki inafikaka saa ngapi?*
*Ikichelewa, nayo unaifungia inje?*

Vidole vilisimama juu ya madawati.

Ilinichukua muda kuelewa, jinsi mtu anavyochukua muda kutambua sauti yake mwenyewe kwenye rekodi. Wiki mbili kabla, zamu ya geti ilikuwa yangu. Saa moja na nusu nilisukuma chuma, nikatia komeo. Nje palibaki wanafunzi watano au sita. Mmoja alikuwa na mikono ya sweta iliyolowa, nami niliitazama ile mikono bila kuinua macho nione uso. Asubuhi ileile, nyumbani kwangu mtaa wa Kibenga, nilikuwa nimeoga nikiacha bomba wazi huku nikitafuta kitana.

"Ni mimi huyo," nikasema.

"Apana, madamu, si matusi," akajibu. Sasa alikuwa amefumbua macho, na niliona anaogopa. "Niliandika tu yenye niko nayo."

"Umeandika kweli. Kaa."

Kengele ilipolia nilibaki peke yangu darasani, nikiona haya kama mtoto.

Kesho yake nilikwenda kwa direkteri, mkuu wa shule yetu, mzee mwenye adabu ambaye alivaa tai hata siku za joto kali. Nilimwomba wanaochelewa wasifungiwe nje.

"Mama, nikimfungulia mmoja leo, kesho watachelewa wote," alisema. "Geti ndiyo shule."

Niliwarudia wanafunzi nikawaambia ukweli kwamba nimeshindwa. Nilidhani watavunjika moyo. Lakini msichana yule akasema, "Basi yeye akuje asikie mwenyewe." Wenzake wakakubali kwamba kila aliyewahi kufungiwa nje ataandika mistari miwili, isiyozidi, juu ya asubuhi yake.

Nilimwalika direkteri, akaja Alhamisi iliyofuata, akakaa dawati la mwisho, kofia juu ya magoti. Walisimama kumi na mmoja. Mmoja alikuwa na bibi mgonjwa wa kuogeshwa. Mwingine alivuka mtaa uliojaa maji ya ziwa. Msichana wa Mutakura alisema mistari yake miwili ya kwanza tu, ile mingine, iliyonihusu mimi, hakuisema. Walisema polepole, wenzao wakigonga kwa ncha za vidole, laini, hata nikahisi chumba kizima kimeinuka kidogo kutoka ardhini na kinaelea. Direkteri alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani amelala.

Walipomaliza aliinuka, akamtazama msichana yule.

"Unafika bombani saa kumi na moja alfajiri?"

"Ndiyo, direkteri."

"Na wewe peke yako?"

"Na wadogo zangu wawili."

Akatikisa kichwa, akavaa kofia, akatoka.

Jumatatu, wanafunzi wakiwa wamepanga mstari asubuhi, alitangaza kwamba anayechelewa ataingia, atasimama nyuma ya darasa hadi kipindi cha kwanza kiishe, kisha atakaa. Haikuwa yote tuliyoomba. Na wapo waliotumia nafasi hiyo kulala zaidi, jambo ambalo direkteri hakuacha kunikumbusha. Lakini sweta zilizolowa zilianza kukauka ndani ya darasa.

Mwaka jana nilikutana na msichana yule sokoni. Anasomea uuguzi, amenenepa kidogo, anacheka kwa urahisi. Nilimuuliza kama bado anaandika rapu.

"Apana, madamu. Mi nilikuwa na neno moja tu la kusema, na nikalisema."

Alichagua nyanya, akazigeuza moja moja kutazama kama zimepondeka. Kisha akaniuliza ninafundisha nini siku hizi, nami nikasimama pale katikati ya watu nikijaribu kumweleza kwamba bado ninafundisha swali lake, haki inafika saa ngapi.