Fundo la baba kwenye kishikio kipya

Leo baba yangu kashinda kesi kwa ushahidi aliouharibu mwenyewe.

Nilifunga botini vishikio vya chuma kisichoshika kutu, vya kusimamishia fimbo za kuvulia. Vya zamani vya plastiki vililiwa na jua vikakatika.

Baba, mtu wa kuvua kwa mshipi wa mkononi tangu ujana, hakuviamini. Akaikaza fimbo kwenye kishikio kwa kamba, na mafundo yake mnayajua, hayafunguki.

Samaki mkubwa, kolekole, akala chambo. Fimbo ikapinda, kishikio wala hakikutikisika.

Nachomoa fimbo, haitoki.

"Baba, fundo lako hili!"

Akanisogeza, akashika mshipi kwa mkono, akavuta taratibu mpaka kolekole akaingia botini.

"Haya, vyuma vyako vimesaidia nini?"

Jamani, fundo kafunga nani? Niamulieni haraka, maana kichwa cha kolekole, zawadi ya mshindi, baba keshajitengea.