Sukali

Harufu ya dawa ya nondo ilinipokea juzi nilipofungua sanduku la bati la mama. Chini ya leso zake zilikuwa zile postikadi za zamani: garimoshi jeusi likivuka daraja refu mlimani, na ukungu bondeni.

Mama alituambia baba alikuwa ameenda kufanya kazi ya reli huko milimani. Kila aliporudi kutoka kufua nguo za padri mzee wa Kizungu pale misheni, alinipa kadi moja niisome kwa sauti huku yeye akisonga obusuma, ugali wetu. Niliringa shule nzima na lile daraja.

Kabla ya reli, baba alikuwa mwalimu. Ukichanganya r na l mbele yake, alikuchapa vidole kwa rula.

Siku moja mama alinituma dukani Lurambi na karatasi: "Sukali kiro moja." Mwenye duka alicheka, nami nikacheka naye. Jioni hiyo nikasoma kadi mpya kutoka kwa baba: "Mwanangu, nitakuletea sukali guru."

Nikaiweka ile karatasi kando ya kadi. Mwandiko ulikuwa mmoja, hata ule mkia wa s.

"Mama, kwani baba anaandikanga sukali?"

Hakugeuka. "Ni halaka tu ya kazi. Weka hiyo kando, chakula iko tayali."

Sikumtazama usoni siku kadhaa.

Wiki iliyofuata ilikuja kadi nyingine. Neno sukari lilikuwa limeandikwa sawasawa.