Dumu Langu la Maji ya Bomba

Msinicheke sana. Mimi ni mtoto wa Tanga, na kwetu ukienda kuoga baharini unabeba maji ya bomba ya kujisuuza chumvi. Basi wiki zangu za kwanza chuoni Kasese, Masika wa darasani kwetu aliponialika Katunguru kwa shangazi yake anayekaanga samaki kando ya ziwa, nilijaza dumu. Njiani Masika alishikwa na kiu, akaomba maji. Nikamnyima. "Haya yana kazi yake," nikamwambia, utadhani daktari.

Kufika tu nikaingia ziwani hadi magotini, nikajimwagia maji kwa mbwembwe, kisha nikatoka kujisuuza kwa dumu langu mbele ya wavuvi wote. Masika akatoa simu, akaanza kurekodi.

"Masika," shangazi akauliza taratibu, "huyu rafiki yako iko na ugonjwa gani?"

"Natoa chumvi, shangazi," nikajibu mwenyewe.

Shangazi akachota maji ya ziwa kwa kikombe, akaonja, akanipa na mimi nionje.

"Chumvi iko wapi, mutoto wangu? Mimi kila siku nanunua ya duka."