Rubani wa Friji

"Mimi ndiye mtu pekee mjini hapa aliyeuona mwisho wa gemu ya ndege, na kama yupo mwingine, asimame!"

Bwana mmoja aliyasema hayo kwenye harusi yake mwenyewe, kipaza sauti mkononi, mbele ya wageni mia mbili na bibi harusi mmoja. Hakusimama mtu. Wengi walikuwa wanakula.

Gemu yenyewe ilikuwa kwenye ukumbi wa mtaani, miaka hiyo ya kutumbukiza sarafu: kabati refu, kioo kimesimama wima, na ndani kindege cha rangi ya fedha kinapanda juu kikipigana na jeshi zima peke yake. Shida ya mashine ile ilikuwa joto. Ukifika hatua ya tano inachemka, kioo kinakuwa cheupe, na sarafu yako ndiyo imekwenda. Mji mzima uliishia hatua ya tano. Siku moja lori likapinduka barabarani, watu wote wakatoka kushangaa. Waliporudi wakamkuta bwana huyu anajifuta jasho.

"Nimemaliza," akasema.

Eti aliweka mfuko wa barafu mgongoni mwa mashine, ikapoa, akapita. Na mwisho ukoje? Ndege inatua, uwanja umefurika watu, mwanamke anakuja mbio na shada la maua, anamvisha rubani shingoni.

Hakumaliza chochote. Barafu aliweka kweli, lakini kioo kikawa cheupe vilevile. Wiki hiyohiyo mashine ikafa, maji yamejaa tumboni, na ushahidi ukafa nayo.

Uongo ule ulimfaa kuliko shule. Watu wakamwita Rubani. Tena kwa kuwa amepoza mashine, wakaanza kumletea friji zao. Hakujua friji inafanyaje kazi. Akajifunza kwa kuharibu za watu. Leo ana duka, na juu ya mlango kuna kibao cha buluu: RUBANI FRIJI NA FRIZA. TUNAFIKA MWISHO. Mke naye alimpata kwa maua yaleyale. "Wengine walikuwa wananisimulia mishahara yao," mkewe husema mpaka leo.

Basi Jumapili moja mchana akaingia nyumbani kwake shemeji yake, mdogo wa mke, na boksi kwapani.

"Shemeji, nimekuletea ujana wako!"

Ilikuwa gemu ileile, imetengenezwa upya ya kuchezea nyumbani kwenye runinga. Rubani akacheka kwa meno tu.

Picha ikatokea katikati ya runinga, nyembamba, huku na huku weusi mtupu.

"Hii siyo," akasema upesi. "Ile ilikuwa ndefu."

Shemeji akabonyeza hapa na pale, picha ikalala. Wakailaza na runinga ubavu, wakaiegemeza kwa mito ya kochi. Picha ikajaa kioo kizima.

"Nilikuwa nacheza nimesimama."

"Simama, shemeji."

"Kulikuwa na gongo la kuongozea lenye kichwa chekundu. Hiki kidude cha vitufe mlichonipa hakishikiki."

Akacheza. Kindege kikalipuka kabla hajakaza mkono.

"Shemeji, hiyo ni hatua ya kwanza."

"Najua. Naikagua."

Mama mkwe alikuwa kwenye kochi anakunywa chai. Mama huyu amegonga mihuri posta miaka thelathini. Kidole gumba chake hakijawahi kustaafu.

"Lete nikushikie, mkwe wangu."

Sasa, gemu ya nyumbani haidai sarafu. Ukifa, inakuuliza kama unaendelea, unabonyeza, unafufuka palepale. Mama mkwe akabonyeza kama anagonga barua.

"Nimekufa?"

"Umekufa, Mama."

"Haya." Ta!

"Mama, hiyo si halali!" Rubani akalalamika. "Unafufuka bure!"

"Nimekatwa mshahara miaka thelathini. Niache nifufuke."

Hatua ya tano ikafika. Rubani akaruka. "Zimeni! Itachemka hapo, mtaunguza nyumba. Mimi ni fundi, nawaambia!"

Shemeji akakigusa kifaa. Baridi kama friji, lakini si zile anazotengeneza Rubani.

Mke akazima pasi, akasogea na shati mkononi. "Tulieni," akasema. "Sasa anakuja yule wa maua."

Meli kubwa ya mwisho ya maadui ikalipuka vipandevipande. Kindege kikapenya mawinguni. Yakatokea maneno: HONGERA. ANZA TENA. Na kindege kikaanza safari upya, hatua ya kwanza. Hakuna uwanja. Hakuna mtu.

"Mkwe wangu," mama mkwe akauliza kwa adabu zote, "maua yako wapi?"

"Hii ni ya nyumbani, Mama. Wamepunguza vitu. Ya ukumbini ilikuwa kamili."

Ilikuwa kauli nzuri, na ingepita. Ila shemeji ni mtu wa kusoma maelezo.

"Hii ndiyo ya ukumbini, shemeji. Wanasema hawajagusa kitu."

Mke alikuwa anakunja shati, na hakuacha kulikunja. "Kwa hiyo yule mwanamke ulimtoa wapi?"

"Kichwani."

"Alifananaje?"

"Kama wewe."

"Ulikuwa hujanijua."

Shemeji akaikodolea dari macho. Mama mkwe akaomba chai nyingine.

Jumatatu asubuhi mteja alifika dukani na friza kwenye mkokoteni, akamuulizia Rubani.

"Rubani ni mama yangu, leo hayupo," mke akamjibu kutoka kaunta. "Huyu hapa ni fundi."

Fundi akaipokea friza. Akaishughulikia hadi saa sita, kisha akavuka barabara kwenda kwa mwandika mabango.

"Nifutie neno moja pale juu."

"Lipi?"

"La kwanza."

Mwandika mabango akakiangalia kibao, akahesabu kwa kidole, herufi sita. Kufuta herufi moja ni mia tano.