Kuku Aliyeumwa

Kila Jumatatu jirani yangu wa idara ya afya huwatoa damu kuku wake. Humpakata mmoja mmoja, hupangusa chini ya bawa kwa pamba, kisha hunong'ona, "Samahani, mama, kidogo tu." Sisi majirani samahani hiyo hatuipati hata akitukanyaga. Kazi ya kuku hao ni kuumwa na mbu wanaopenda damu ya ndege, ili kirusi kikiingia mtaani kijulikane mapema.

Juzi damu ya tetea mwekundu ilionyesha kimeingia. Jirani akapita kila nyumba. "Kuku wangu ameumwa. Mwageni maji ya mapipa, mbu wasizaliane." Ya mapipa yalitupita. Tulichosikia ni kwamba kuku anaumwa, na jioni tukaenda kumjulia hali. Jirani akatupangia viti bila kucheka.

"Mgonjwa anaendeleaje?" akauliza shangazi yangu.

"Haumwi. Kirusi hiki hakimdhuru kuku. Mbu aliyemuuma akituuma sisi ndio tutaugua."

Shangazi akamtazama tetea, aliyekuwa akidonoa kamba ya kiatu chake. Akavuta mguu taratibu, akasimama.

"Basi tusimchoshe," akasema. "Nina pipa nyumbani."