Milango Minne, Ua Mmoja

Tangu nioe, mama mkwe wangu hakuwahi kuniona uso, wala mimi sikuuona wake. Hatukuwa na ugomvi. Kwetu mlimani Mbololo mtu na mama mkwe wake hukwepana. Akija njiani, mimi naingia kichakani. Nikiwa ndani ya nyumba, yeye haukaribii mlango.

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa Voi, nikiuza ndizi na mboga za mlimani karibu na stesheni. Nilikuwa na ploti ya mji, na juu yake nyumba moja ya mabati, na ndani yake mimi. Mke wangu alibaki mlimani na mamake, aliyekuwa ameanza kupoteza macho.

"Mama simwachi," aliniambia kila nilipopanda. "Ukitutaka, mjengee nyumba yake, iwe na jiko lake na njia yake."

Lakini sharti la mji lilikuwa ploti moja, nyumba moja. Nikaenda ofisini kuomba kibali. Karani alikuwa mtu wa Mombasa, Kiswahili chake kimenyooka kama kanzu ya Ijumaa.

"Mama mkwe si familia, bwana?"

"Ni familia."

"Basi mtie humo humo ndani."

"Akiingia mlangoni, mimi nitatokea dirishani."

"Dirisha lako lina nondo. Nimepita pale."

"Ndiyo maana nimekuja."

Akacheka, akachukua kalamu. "Haya, jumla nyumba ngapi?"

Mimi ni mtu wa soko. Ukitaka mbili unataja nne. Mwenzako anang'aka, anataja moja, mnakutana katikati. Nikasema nne, nikangoja ang'ake. Akaandika.

Bwana shauri, yule Mzungu wa wilaya, alikuja mwenyewe na kamba ya kupimia. Alipopima, nami nikapima nyuma yake kwa hatua, kisha nikarudia. Tulipata sawa, jambo lililoniudhi. Wafanyakazi wa reli walikuwa wengi na hawakuwa na pa kulala, kwa hiyo ombi langu lilimpendeza.

"Nyumba nne. Milango yote kutazama ndani. Ukipunguza, kibali hapana."

"Hata mbili zinanitosha, bwana."

"Wewe kuomba nne."

Sijawahi kukutana na mnunuzi mbaya kama yule. Alikubali bei ya kwanza.

Nikajenga tatu kuongezea ile moja. Ploti ikajaa hadi ukuta wa jirani, lango likiwa moja na choo kimoja pembeni. Wapangaji wa reli wakaingia mbili. Ya tatu, yenye jiko, nikaifagia, nikapeleka habari mlimani.

Walifika mchana. Nilijifungia ndani kama inavyotakiwa, nikamsikia mke wangu langoni.

"Mama apite wapi?"

"Hapo uani."

"Na wewe utapita wapi?"

Nikachungulia nikahesabu. Milango minne, ua mmoja. Nikahesabu tena.

"Nitakohoa kabla sijatoka."

"Utakohoa maisha yako yote?"

"Kifua ninacho."

Mama mkwe akacheka. Sikuwa nimewahi kusikia kicheko chake, nacho kilikuwa cha msichana. Kisha akasema kwa Kidawida, lugha yetu ya mlimani, kama anayezungumza na lango, kwamba nyumba ni nzuri, ila yeye hawezi kumaliza siku zake kajifunika leso kichwani, wala kumkohoza mtoto wa watu. Wakarudi na lori la jioni. Mke wangu aliniachia mahindi mabichi kwenye kizingiti.

Nyumba ile sikuipangisha. Fundi mmoja wa reli alikuja kuiulizia.

"Ina mwenyewe?"

"Ina."

"Mbona haonekani?"

"Ndivyo inavyotakiwa."

Kesho yake asubuhi nilikohoa kabla ya kufungua mlango. Mpangaji wa nyumba ya pili, akinawa uso uani, akanipa pole ya kifua.